Namna ya Kukarabati Nyumba Ujiji Bila Kuikosa Wikiendi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa Ujiji, Gungu, Mwanga au Katubuka ambaye bati lake limeanza kuvuja, na ambaye bado ana matumaini ya kwenda kuogelea Jumamosi. Wapangaji wanaruhusiwa kuusoma kwa kujiburudisha tu. Kazi ya mpangaji ni moja, kumpigia simu mwenye nyumba. Na ya mwenye nyumba ni moja, kutopokea.

Kabla ya yote, neno "ukarabati" lisikutoke mdomoni. Sema unabadilisha kitasa cha mlango wa uani. Ukitamka ukarabati, adhuhuri haitafika kabla habari haijafika Kibirizi, na jioni utakuta barazani kwako mafundi sita, wote wametumwa na shemeji yako. Kitasa hakimshtui mtu. Ubaya wake ni kwamba tangu Ujiji iwe Ujiji hakuna kitasa kilichowahi kubadilishwa peke yake. Fundi akikifungua atakuta mbao ya fremu imeliwa na mchwa, inabonyea kwa kidole. Akiing'oa fremu, lipu inashuka nayo. Lipu ikishuka mnabaki mnatazamana na tofali, na tofali zenyewe ni za udongo mbichi, za enzi za babu, zimesimama kwa mazoea tu. Hapo fundi atarudi nyuma hatua mbili, atashika kiuno na kuuliza: "Hii kazi alikufanyia nani?"

Usijibu. Hasa kama aliyeifanya ni yeye.

Kuhusu kumpata fundi mwenyewe, kanuni ni kwamba fundi mzuri hana nafasi. Ukimwona fundi aliye huru Jumatatu ya mwezi wa nane, wakati kuanzia Mwandiga hadi Katonga kila mwenye uwezo anapaua, muulize kwa upole ametokea wapi na kwa nini wamemwachia. Kwa hiyo utamchukua asiye na nafasi, na utampa advansi ili nafasi ipatikane. Advansi yako itakwenda kumalizia kazi ya mtu aliyetoa advansi kabla yako, na kazi yako itamaliziwa kwa advansi ya atakayefuata. Ni mfumo mzuri wa kusaidiana. Haujasajiliwa kama SACCOS, lakini wanachama wake tumo wote.

Siku ya kazi utampigia saa moja asubuhi. Hatapokea. Saa tatu atapiga mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uko wapi, fundi?"

"Nipo hapa Mwanga, dukani, nachukua misumari. Dakika sifuri nipo hapo."

Ukisikia nyuma ya sauti yake jogoo anawika na mama watoto anauliza kama maji ya kuoga ameshayaona pale mlangoni, usimwumbue. Mwambie Mungu amjalie afike salama. Siku utakayomwumbua ndiyo siku simu yake itakapoibiwa, na namba mpya hutaipata hadi mkutane msibani.

Atakayekuja ni saidia fundi, kijana mwembamba mwenye ndala na koleo la kuazima. Mpe chai. Mpe na chapati. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa na saidia fundi. Fundi hupita jioni kukagua kama hela imekamilika.

Huyo kijana ndiye atakayekuletea, mnamo saa nne, orodha ya vitu vilivyosahaulika, koki ikiwemo. Hapo safari ya mjini inaanza. Ujiji na Kigoma ni manispaa moja, na katikati yake ni kilomita chache tu za lami, lakini Mjiji anayekwenda Kigoma anaoga kwanza. Zamani haikuwa hivyo. Wapelelezi Burton na Speke walipofika huku Februari 1858, Ujiji ndiyo iliyokuwa mji, yenye soko lake la pembe za ndovu na la watumwa, na Kigoma ilikuwa kijiji tu. Kisha Wajerumani wakaleta reli, ikafika mwaka 1914, wakaishusha kwenye ghuba ya Kigoma ambako meli hupata kina cha kutosha. Tangu siku hiyo Ujiji inafuata koki mjini, na wazee wetu wa barazani hawajasamehe.

Koki yenyewe ndiyo itakayokuumbua. Fundi amesema "koki ya kawaida". Dukani Mwanga hakuna koki ya kawaida. Ipo ya nusu inchi na ya robo tatu, ipo ya shaba na ya plastiki, na nyuma ya kaunta yupo kijana anayetafuna muwa na kukuuliza, "Uzi wa nje au wa ndani?" Hujui. Unampigia fundi, hapatikani. Nyuma yako foleni ya mafundi wa kweli inakohoa. Unachukua ya nusu inchi, uzi wa nje, kwa sauti ya mtu aliyejenga maghorofa, unapanda bajaji hadi Ujiji, na bomba lako ni robo tatu. Mwongozo huu unashauri ununue aina zote ukiwa pale pale, kisha usahau ule utepe mweupe wa kuzungushia uzi, ili uwe na sababu ya heshima ya kurudi kesho. Bei usibishane nayo sana. Kutoka Dar es Salaam reli ina kilomita zipatazo 1,250 na inaishia hapa. Msumari uliofika Mwanga, kwa treni au kwa lori, umetembea nchi hii kuliko wagombea wengi.

Vifaa vikishafika nyumbani, usiviache ukaenda safari. Jambo hili Ujiji ina ushahidi wake wa kihistoria. Wageni hufika pale kwenye makumbusho ya mpelelezi Livingstone, chini ya miembe, wakapiga picha na sanamu zake na Stanley, wakaondoka bila kusikia habari yenyewe inayomhusu mwenye nyumba. Livingstone alikuwa na bidhaa zake zilizotumwa kutoka Unguja, zikiwa chini ya mtu mmoja aitwaye Sherifu. Mwenye mali yuko Manyema, amekawia. Aliporudi Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na amechoka, akakuta vitu vyote vimeshauzwa. Utetezi wa Sherifu ulikuwa kwamba alipiga ramli kwa Kurani, ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekufa. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akatokea na mizigo yake, na dunia nzima ikashika ile salamu yake, "Dk. Livingstone, nadhani?", hesabu ya bidhaa ikasahaulika.

Siku hizi ramli haihitajiki. Wakikuona tu unashuka Kibirizi na kikapu cha chakula, mifuko miwili ya saruji imeshaondoka. Na hakuna atakayekuambia imeuzwa. Utaambiwa ukuta "umekula sana".

Sasa tuje kwenye wikiendi, maana ndiko matatizo yanakokomaa. Fundi ambaye kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa na homa, msiba na pikipiki mbovu, Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri atakuwa mlangoni ameshavaa ovaroli. Anajua leo unaondoka. Mkeo ameshawaambia majirani. Ukibaki, utakaa kwenye kiti cha plastiki ukimtazama, naye atatazama mbingu na kusema lipu haitaki kupigwa kwa haraka. Ukiondoka, kazi itakwenda kwa kasi ya ajabu, na jioni utakuta dirisha pale ulipotaka mlango. Wapo wanaotangaza mtaa mzima kwamba wanakwenda harusini Kasulu, kisha wanarudi saa nne kwa kupitia uchochoro. Njia hii ni nzuri, ila ukifika utamkuta fundi naye ameshakwenda harusini.

Chaguo la busara ni kuondoka na salio la hela mfukoni. Hilo ndilo jicho lako ukiwa mbali.

Ukitaka karibu, nenda ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga. Maji yake ni maangavu, utaona hadi kucha zako za miguu, na rangi ya mafuta ya juzi iliyokataa kutoka. Ukitaka kula, kaa Kibirizi, agiza mgebuka wa kuchoma au dagaa wa mawese na ugali wa muhogo, zima simu. Angalia tu na kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ziwa lilipewa miezi mitatu ya kupumzika; wewe unaomba Jumamosi moja na shemeji anakuona mvivu.

Lakini kama mchwa wa fremu ndio wanaokunyima usingizi, panda boti uende Gombe. Huko hakuna barabara, ni maji tu, kwa hiyo fundi hawezi kukufuata kuomba hela ya nauli. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, lakini jambo linalotuhusu lilitokea mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall alipomwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akiingiza jani refu la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limejaa mchwa na kuwala. Baadaye aliwaona sokwe wakichambua vijiti, wakiondoa majani ili vifae kwa kazi hiyo hiyo. Wataalamu wa dunia walishangaa kwamba mnyama anatengeneza kifaa. Mwenye nyumba wa Ujiji hushangaa mengine kabisa: kwamba mtaalamu amekuja na kifaa chake mwenyewe, hakuomba advansi, na mchwa wamepungua.

Ukiwa botini usizungumzie Liemba, utajiumiza roho. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli, ikaunganishwa upya hapa hapa Kigoma. Februari 1915 ikashushwa majini ikiwa na jina la Goetzen. Hakuna habari kwamba kuna kasha lililosahaulika Mwanga. Julai 1916 Wajerumani walipozidiwa vitani wakaizamisha wenyewe, na hapa nakuomba usimame kidogo: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito ili isioze. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walitunza kazi ambayo wangeweza kuizamisha na kuondoka zao. Wa kwako akienda kula mchana haweki hata kifuniko cha kopo la rangi. Kwa uadilifu ni lazima niongeze kwamba miaka ya karibuni Liemba nayo iliegeshwa ikisubiri ukarabati mwingine, kwa hiyo imeonja tunayoyaonja.

Kuna ndugu watakaokushauri uachane na nyumba ya urithi, ujenge mpya ufukweni, upate upepo. Wasikilize kwa adabu, kisha waulize wamewahi kuona bomba lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, na maji yote hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa matope na majani, ziwa likapanda, hadi mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalipozibua yenyewe na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Kuanzia mwaka 2020 ziwa limepanda tena na kuingia kwenye makazi na biashara za watu kandokando, Kibirizi ikiwemo. Hebu fikiria: sinki moja linalotumiwa na nchi nne, na tundu lake liko kwa jirani. Fundi gani utampigia?

Basi baki na nyumba yako ya Ujiji. Usiku wa Jumapili ukirudi na unyevu kichwani na mfuko wa dagaa mkononi, usiwashe taa zote kwa mkupuo. Kagua kidogo kidogo, chumba kwa chumba, ili moyo upate kuzoea. Kitasa utakikuta kimefungwa vizuri kabisa, kinang'aa, juu ya mlango ulioegemezwa ukutani, kwa sababu fremu bado. Msifu fundi kwa kitasa. Ya fremu utayasema Jumatatu, akipatikana.

Neno la mwisho ni la kalenda. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili, pengine Mei. Bati zinunuliwe Juni, fundi aanze Julai kazi aliyosema ni ya siku tatu, na kwa kudra za Mungu Septemba utakuwa umeezeka. Ukianza Oktoba, usinunue bati. Nunua ndoo.