Na Coastal Je?

Tarehe 8 Machi 2025 Simba na Yanga hawakucheza, na sijapata kusikia mechi iliyozungumzwa kuliko hiyo. Mnakumbuka wenyewe. Jioni ya tarehe 7 Simba walikwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, kama kanuni inavyoiruhusu timu mgeni, wakazuiwa kuingia. Wakatangaza kuwa hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga wakaja uwanjani vilevile, wakasema mechi yao ndiyo hiyo na nyingine hawaitambui. Shauri likafika hadi CAS, mahakama ya michezo iliyoko Uswisi, wakaambiwa warudi wamalize kwanza ngazi za nyumbani. Mpira wenyewe ulikuja kupigwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0, na kufikia hapo mimi masikio yalikuwa yameshaota sugu.

Kwa vipindi vyetu vya michezo ile ilikuwa neema. Mechi ikichezwa, maneno yake yana mwisho: aliyefunga kafunga, refa katukanwa, ikifika Jumatano watu wamechoka. Mechi isiyochezwa haimfungi mtu mdomo. Jamaa ambaye wiki moja kabla alikuwa anatufundisha namba sita wa kisasa anavyotakiwa kusimama, ghafla kawa wakili wa Mahakama Kuu. Anasoma kanuni kifungu kwa kifungu, anakohoa, anarudia koma. Mwenzake anamkatiza, "Hapana, ndugu yangu, neno lililotumika hapo ni 'itaruhusiwa', siyo 'italazimika'." Wanabishana juu ya hilo mpaka muda wa habari.

Siku moja nilikuwa kwenye daladala la Mbagala–Kariakoo. Nilimpa konda elfu moja pale Zakhem, akaishika noti hewani, kichwa kakielekeza kwenye spika iliyo juu ya dereva. Nikamwambia, "Mwanangu, chenji yangu." Akaniinulia kidole. "Mama, subiri kidogo, anafika kwenye kamishna wa mchezo." Tukapita Mission, tukapita Mtongani, noti yangu bado iko hewani inasikiliza kanuni. Pale Mtoni kwa Azizi Ali abiria watatu walipitilizwa kituo, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu nao walikuwa wanasubiri hukumu.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mimi ni mtu wa Tanga. Timu yangu ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na msicheke. Ligi Kuu ina timu 16. Ukisikiliza redio za Dar es Salaam kuanzia asubuhi mpaka usiku unaweza kuapa ziko mbili, na hizo nyingine 14 ni majina ya vituo ambavyo Simba na Yanga hushukia wakiwa safarini. "Yanga wanakwenda Mkwakwani." Kufanya nini? Kucheza na nani? Mkwakwani ina wenyewe, jamani! Watachambua uwanja, watachambua nyasi, watachambua joto la Tanga na uchovu wa safari ya basi, halafu wanakata kwenda matangazo.

Na matangazo yenyewe ni ya mikeka. Kijana anapiga kelele kwamba jero tu inatosha kubadilisha maisha yako. Inafuata sauti nyingine, mbiombio, ikitukumbusha kwamba mchezo huu ni wa wenye miaka 18 na kuendelea na kwamba tucheze kistaarabu. Wakirudi, mchambuzi yuleyule aliyekuwa anatuambia kwamba mpira hautabiriki anatupa "mechi tatu za uhakika" za wikendi. Baba watoto huziandika. Mkeka ukichanika analaumu timu. Mchambuzi hamlaumu hata siku moja.

Halafu zinafunguliwa simu. Sijui kwa nini zinafunguliwa.

"Haloo, uko hewani, nani mwenzetu, kutoka wapi?"

"Haloo?"

"Uko hewani, ndugu."

"Haloo, nimepata?"

"Umepata. Punguza sauti ya redio yako."

"Nimepunguza. Kwanza kabisa niwape hongera kwa kipindi kizuri, pili nimsalimie mke wangu na wote wanaonifahamu hapa Gongo la Mboto."

"Punguza redio, ndugu yetu. Mchango wako?"

"Mchango wangu mimi nasema hivi. Nyie wachambuzi muwe mnasema ukweli, kwa sababu ukweli…"

Tuu, tuu, tuu. "Simu yake imekatika, tunashukuru kwa maoni yake mazuri." Maoni gani? Na mchambuzi anaitikia kwa uzito, "Amegusa jambo la msingi sana huyu."

Mimi nimekulia kwenye redio moja. Baba alikuwa na National yenye ganda la ngozi, na siku ya mpira iliwekwa dirishani, sisi tukakaa barazani. Mtangazaji wa Radio Tanzania hakuwa na nafasi ya falsafa kwa sababu mpira ulikuwa unatembea: uko kushoto, karibu na kibendera cha kona, anaurusha huyu, anaupokea yule, anageuka. Charles Hilary, aliyetutoka Mei 2025, alitoka katika shule hiyo. Ungemsikiliza gizani na bado ungejua mpira uko upande gani wa uwanja. Filimbi ya mwisho ikilia, anataja matokeo, anaaga, unapigwa muziki. Tulibishana wenyewe, bila mwongozo, na kwa sauti ndogo maana Baba alikuwa hapendi kelele baada ya kufungwa.

Leo filimbi ya mwisho ndiyo inafungua kazi. Mara presingi, mara tranzisheni, mara timu "haikuwa na uwiano katikati ya mistari". Mistari gani? Nimeangalia ule uwanja kwenye televisheni, mistari yote ipo, imechorwa kwa chokaa. Juu ya wachambuzi kuna wasemaji wa klabu, ambao nao hawachoki. Haji Manara aliisemea Simba kwa miaka, tukazoea. Mwaka 2021 akahamia Yanga akaendelea kusema, na redio ikaendelea kumpigia simu. Nasikia watu wakimshangaa. Mimi nilishangaa kitu kimoja tu, kwamba uhamisho wa msemaji ulichambuliwa kuliko uhamisho wa washambuliaji wote wa msimu ule.

Nilidhani ugonjwa huu ni wetu. Mtoto wa kaka yangu anaendesha lori Marekani, na huwa ananipigia akiwa barabarani usiku wao, asubuhi yetu. Ndani ya lori lake kuna redio ya setilaiti, SiriusXM, analipia kwa mwezi. Anasema anaweza kutoka Texas mpaka California, jangwani hakuna hata mti, na sauti haikwaruzi, maneno yaleyale, mtu yuleyule. Ipo chaneli nzima ya mabishano ya michezo inayoitwa Mad Dog, kwa jina la utani la mtangazaji wake, Chris Russo, aliyejipatia umaarufu WFAN ya New York, kituo kilichoanza mwaka 1987 na kazi ya kuongea michezo usiku na mchana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hebu niambie, na hao wa huko wanazungumzia timu mbili tu?"

"Hapana, shangazi. Moja. Dallas Cowboys."

"Ndio mabingwa?"

"Mara ya mwisho ilikuwa Januari 1996."

Nikanyamaza nikapiga hesabu. Kumbe mtu anaweza kukaa miaka yote hiyo bila kikombe na bado akazungumzwa kutwa nchi nzima, mpaka jangwani! Basi na sisi wa 1988 tuna haki zetu. Tofauti ni kwamba wao wana setilaiti na sisi tuna Mkwakwani.

Nisiwe mwongo, Coastal imewahi kuvuma kwenye vipindi hivyo. Msimu wa 2023/24 tulimaliza nafasi ya nne, tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hilo walilitaja kwa pumzi moja, kati ya tangazo la mkeka na tangazo la sabuni. Lakini mwaka 2024 Simba walipomtambulisha beki wetu Lameck Lawi, na Coastal wakasema biashara haijakamilika, mchezaji ni wetu, lahaula! Nilifungua redio nikasikia Coastal saa moja asubuhi, nikasikia Coastal saa tatu, nikasikia Coastal mchana wakati napika. Nilimwita Baba watoto atoke bafuni aje asikilize. Wachambuzi walikuwa wanaijua ofisi yetu, mkataba wetu, tarehe ya malipo. Lawi akabaki kwetu, na siku hiyohiyo Tanga ikafutika kwenye ramani ya nchi.

Juzi timu ilikuwa ugenini, Kanda ya Ziwa. Luku ilikuwa imekata, televisheni imezima, na Baba watoto ameondoka na simu yenye bando. Nikakaa na redio ndogo ya betri, nikasikiliza kipindi tangu kinaanza. Nikapata habari ya goti la mchezaji wa Simba. Nikapata habari ya gari jipya la mchezaji wa Yanga, hadi rangi ya viti. Nikapata mjadala wa kocha ambaye bado hajaajiriwa, kama atafukuzwa. Matokeo ya Coastal, kimya. Nikachukua simu yangu ya vitufe nikapiga.

"Mama, uko hewani. Simba au Yanga?"

"Coastal."

Studio nzima ikatulia. Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Aaa, Coastal! Timu kongwe, timu nzuri. Mama kutoka Tanga, karibu sana. Mchango wako?"

"Sina mchango, mwanangu. Nataka kujua tumetoka ngapi."

"Swali zuri sana hilo," akadakia mchambuzi, "na linatupeleka kwenye jambo la msingi. Mama, dirisha la usajili linakuja. Wewe kama mdau, unaona Coastal wamuuze nani, na wampeleke upande upi wa Kariakoo?"

Nikamwambia tutamuuza yeye. "Simu ya mama yetu imekatika," wakasema, na haikuwa imekatika, nilikuwa bado naongea.

Baba watoto alirudi na simu yake saa tatu usiku. Kabla hajavua viatu nikamwambia aangalie. Akapekua, akapekua, akavaa miwani.

"Mmefungwa moja bila."

"Dakika ya ngapi? Nani kafunga? Kwa kichwa au kwa mguu?"

"Haijaandikwa." Akasogeza kidole chini kidogo. "Ila wanasema aliyefunga anatakiwa na Yanga."