Gari la Serikali Limepotea Makambako

Barabara ya Mbeya kwenda Iringa si mahali pa kurekebishia kompyuta. Mtandao unashika Chimala, unapotea, unarudi ukiwa umesahau mlipoishia. Mpwa wangu, mwaka wa kwanza chuoni Mbeya, alichagua kunipigia hukohuko, nikiwa ndani ya basi.

"Shikamoo, anko. Kompaila imegoma."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Inasema imesitisha kazi."

Huo ndio mstari wa mwisho. Kompaila husoma kuanzia juu, na mara nyingi kosa la juu ndilo huzaa mengine. Wanafunzi husoma kuanzia chini, maana ndipo skrini iliposimama. Nikamwambia apande.

"Inasema haioni es-ti-di-ai-o nukta echi."

Mzee wa kiti cha mbele akageuka. "STD? Hiyo si namba ya gari la serikali? Limepotea?"

Basi likatulia. Nikaeleza kuwa ni faili tu la lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie kule Marekani miaka ya 1970. Kijana kaweka kompaila ya GCC aliyopewa na rafiki kwenye flashi, mafaili yanayoandamana nayo kayaacha.

"Yaani ana jiko, hana sufuria," akasema mama mwenye ndoo ya viazi. Sikuwa na la kuongeza.

Dawa yake ni kifurushi kimoja, build-essential, kinacholeta vyote kwa pamoja. Kukitaja kwa simu ndiyo kazi. "Build, kistari, essential." Mtandao ukameza kistari. Nikarudia. Mara ya tatu kijana wa kiti cha nyuma akapaza sauti kunisaidia: "KISTARI!"

Hata kabla ya kufika huko, kusasisha tu orodha ya vifurushi kulikataa. Ati orodha hiyo bado haijaanza kutumika. Hapo nikahisi ugonjwa uko kwingine.

"Kompyuta yako inasema leo tarehe ngapi?"

"Mosi Januari, 2012."

Laptopu ya mtumba: ile betri ndogo ya saa, CR2032, imekufa, na kila umeme ukikatika inarudi mwaka uleule. Saa ingejirekebisha yenyewe kwa intaneti, ila bwana mdogo alizima huduma hiyo akidai inamlia bando. Kwa kompyuta yake, orodha ya leo ilikuwa imetoka siku zijazo.

"2012!" Mzee akashusha pumzi. "Mwambie aiache hivyohivyo. Sukari ilikuwa na bei ya kibinadamu."

Akaweka tarehe, vifurushi vikaanza kushuka, simu ikakatika. Kuanzia Makambako abiria wakawa wananiuliza kwa zamu: "Vipi, imekubali?" Mafinga ukaingia ujumbe: stdio.h imeonekana, ila sasa kompaila inadai nukta mkato mstari wa nne. Nikatangaza. Mama wa viazi akapiga makofi. Nukta mkato hakuiulizia.

Tuliposhuka Ipogolo konda akanivuta pembeni, mkononi ana kimashine cha tiketi.

"Mtaalamu, hii nayo tangu asubuhi haitoi karatasi. Ila tarehe yake iko sawa, nimeshaangalia."