Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Kuielewa China Kupitia Likombe

Anza na hitimisho. Liandike ukiwa kwenu, kabla hujakata tiketi, maana joto la Mtwara huvuruga fikra. Mahitimisho yapo mawili tu: ama China inaimeza Afrika, ama China ni rafiki wa damu tangu enzi za Mwalimu Nyerere. La tatu halina mfadhili.

Ukishuka, panda bodaboda ikupeleke Likombe, kata ya hapa Mtwara. Pikipiki ni SanLG, simu ya dereva ni Tecno, zote za Kichina: sura ya kwanza hiyo, imekwisha. Ila usimuulize pikipiki ni ya nani. Atakuambia yuko kwenye mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, na sura yako itaharibika.

Kisha uje kwenye bomba la gesi, maana hilo ndilo lililokuleta. Linaanzia kwenye mtambo wa Madimba hadi Dar es Salaam, limejengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni moja kutoka Benki ya Exim ya China, na lilizinduliwa Oktoba 2015. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba hilo. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Andika kwamba wananchi waliikataa China.

Tatizo ni wazee wa kijiweni. Utamiminiwa kahawa na utasahihishwa: “Mwanangu, tulisema gesi haitoki. Tulikuwa tunaiambia serikali yetu.” Wao walitarajia viwanda vije kusini, wakaona gesi ndiyo inayosafirishwa kwenda kaskazini. Mchina alikuwa fundi, na mwenye nyumba ndiye aliyemwita. Mimi naona hiyo ndiyo habari yenyewe, lakini haitoshei kwenye kichwa chako cha habari, kwa hiyo shukuru kwa kahawa uondoke. Na visima vya Ghuba ya Mnazi vinavyolilisha bomba hilo vinaendeshwa na Maurel & Prom ya Ufaransa. Wafaransa usiwataje, wana ripoti yao na mfadhili wao.

Kiwanda cha saruji cha Msijute kipite kwa mbali. Mali ni ya Dangote, Mnigeria. Mjenzi ni Sinoma, Mchina. Mawe ya chokaa ni ya hapa. Ukisimama hapo muda mrefu utaanza kufikiri.

Korosho nazo ziruke. Ndizo zinazoamua kama mwisho wa mwaka kutakuwa na harusi, lakini nyingi huondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Ufuta ndio unaonunuliwa sana na China, ila sijaona mhariri aliyetishwa na ufuta.

Historia ni lazima: chomeka majahazi ya baharia Mchina Zheng He ya karne ya 15 na reli ya TAZARA, kilomita 1,860. Reli haikupita Mtwara, lakini msomaji wako haijui ramani. Tamthilia ya Mao Doudou, iliyorushwa na TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, iache nje. Akina mama wanamkumbuka yule binti na mama wakwe zake kuliko balozi yeyote, na ugomvi wa wakwe hauchoreki kwenye grafu.

Wachina wenyewe usiwahoji. Getini kwao kuna mlinzi, kijana wa Newala, atakayetaka kukueleza habari za mshahara wake. Mkatize kwa adabu.

Ripoti ikikamilika, izindulie Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere. Ulijengwa na Wachina, na Machi 2013 Rais Xi Jinping alihutubia humo. Viti vyake ni laini. Watu wa Likombe hawatakuja. Nauli yao haimo kwenye bajeti yako.