Yah: Pongezi kwa Kutunza Siri ya Taifa

Kwa Wakuu wa Vitengo vya Habari, Mawasiliano na Masoko,
Makumbusho na Nyumba za Sanaa, Tanzania.

Ndugu Wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, na itifaki ikiwa imezingatiwa, nawaandikia kuwapongeza. Kila mhifadhi anajua kwamba adui mkubwa wa vitu vya kale ni watu: jasho la viganja vyao, pumzi zao, mwanga wa kamera zao. Wenzenu Ulaya wanapambana na adui huyo kwa vioo vinene na mitambo ya kudhibiti joto na unyevu. Ninyi mmepata njia ya gharama nafuu. Mmeajiri afisa masoko.

Nimeisoma kwa makini kazi ya mmoja wenu, ambaye jina lake nalihifadhi. Lilikuwa tangazo la maonesho, limebandikwa Instagram. Juu kabisa, nembo za wafadhili na wadau zimebanana mstari mzima. Katikati, mgeni rasmi ndani ya suti ya bluu, anatabasamu. Pembeni yake mkurugenzi, mdogo kidogo. Pembeni ya mkurugenzi mratibu, mdogo zaidi. Kaulimbiu: "Urithi Wetu, Maendeleo Yetu, Fursa kwa Wote." Chini: "Nyote Mnakaribishwa." Nikaikuza picha kwa vidole nikitafuta hicho tunachokaribishwa kukiona. Hakipo. Saa hazipo, kiingilio hakipo. Kwenye maoni mtu mmoja alikuwa ameuliza, "Kiingilio bei gani, na watoto wanaruhusiwa?" Alijibiwa siku kadhaa baadaye: "Karibu sana," na kibendera cha taifa. Maonesho yalikuwa yameshafungwa.

Zikafuata picha za tukio. Mgeni rasmi anakata utepe. Mgeni rasmi anasaini kitabu cha wageni. Mgeni rasmi anapokea kinyago. Picha ya pamoja na meza kuu, kisha picha ya pamoja na kamati ya maandalizi. Katika mojawapo, nyuma ya bega la mheshimiwa, ilichungulia nusu ya ngoma. Ilikuwa na miguu ya kuchongwa, miguu ya mtu kabisa, yenye magoti na vidole, na ngozi yake bado ilikuwa na manyoya pembeni. Ngoma ile ni ya nani? Ilipigwa kwa shughuli gani, na kwa nini fundi aliona haifai kusimama bila vidole vya miguu? Maelezo chini ya picha yalitaja majina na vyeo vya watu sita. Ngoma haikuwamo.

Hapo ndipo nilipoelewa ustadi wenu. Tangazo lile halikuwa langu, wala la yule aliyeuliza habari za watoto. Lilikuwa la mheshimiwa, ajione. La mkurugenzi, aonekane kamuona. Na la mfadhili, abandike kwenye ripoti ya robo mwaka. Wote watatu walifikiwa. Kwa kipimo hicho, kampeni ilifanikiwa asilimia mia.

Kuhusu wafadhili, sina ugomvi nao. Historia yenyewe imewapa nafasi. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, pale Olduvai, mtafiti Louis Leakey alikuwa amelala hemani, homa imemshika. Mkewe Mary akatoka na mbwa wao kutafuta mifupa, akaona fupa limechomoza mteremkoni, kisha meno, meno makubwa ambayo hakuwahi kuyaona mfano wake. Akarudi mbio kambini, na mgonjwa akapona papo hapo. Fuvu likapewa jina la Zinjanthropus boisei: Zinj kwa jina la kale la pwani yetu, boisei kwa heshima ya Charles Boise, aliyetoa fedha za utafiti. Baadaye wanasayansi wakaibadili sehemu ya kwanza, siku hizi wengi wao huandika Paranthropus boisei. Pwani imeondoka, mfadhili kabaki. Mtu aliyefanikiwa kudumu namna hiyo hahitaji nembo kwenye bango.

Lakini angalieni kisa chenyewe kilivyo: mume hoi kitandani, mke porini na mbwa, meno ya mtu wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita. Mswahili yeyote akisimuliwa hivyo atauliza, "Ehe, ikawaje?" Ninyi, mkiwa na shehena ya visa vya aina hii, mnapendelea kibao kinachosema: "Chungu. Kilitumika kupikia." Tunashukuru kwa kututoa wasiwasi.

Niwape pole pia, maana yupo mtu anayewahujumu. Kila siku kuanzia alfajiri makonda wa Dar es Salaam wananing'inia milangoni wakipaza sauti: "Makumbusho! Makumbusho! Siti zipo!" Kituo wanachokitaja, pale Kijitonyama, kiko jirani na Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966, chenye nyumba za makabila yetu zilizojengwa kwa miti, udongo na makuti, za kuingia na kutoka. Abiria wanashuka, wananunua mahindi ya kuchoma, wanaunganisha gari la pili. Kampuni ya simu ikipewa bahati ya jina lake kuitwa hivyo kutwa nzima, bure, hadi jioni wapiga debe wote wangekuwa wamevaa fulana zake.

Kwa Mtanzania wa kawaida, makumbusho ni chanjo ya utotoni: unapelekwa kwa foleni, unaambiwa usiguse, na ukishaimaliza hurudii. Mtu mzima akitaka kurudia, mlango unafungwa saa ileile anayozima kompyuta ofisini. Akiwahi, anasubiri kontroli namba. Na kiingilio cha mwananchi kwenye makumbusho mengi ya umma hakifiki bei ya sahani ya chipsi kuku, jambo ambalo kati ya siri zenu zote ndilo mmelilinda kwa uaminifu mkubwa zaidi.

Wenzenu wamelegea. Mwaka 2018 makumbusho ya maisha ya vijijini pale Reading, Uingereza, yalibandika mtandaoni picha kuukuu ya kondoo dume mnene kupita kiasi, na mzaha wa mstari mmoja juu ya unene wake. Bila kaulimbiu, bila mgeni rasmi. Ikazunguka dunia. Mwaka huohuo Louvre ya Paris iliwafungulia milango Beyoncé na Jay-Z wakapiga video mbele ya Mona Lisa, na wageni wake wa mwaka wakapita milioni kumi. Hapa msanii wa Bongo Fleva angeombwa kwanza muhtasari wa kikao.

Na ninyi wa nyumba za sanaa, mnaobandika bei kwa dola halafu mnashangaa wenyeji hawaingii: Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akavipanga nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, palepale watu walipopita na vikapu. Alifariki mwaka 1972 bila mpango mkakati wa mawasiliano, na jina lake leo ni mtindo mzima wa sanaa.

Nimalizie na kijana wetu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria pale kilima cha Tendaguru, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Mmoja wa dinosaria hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na wenyeji wake wamempa jina la Oskar. Watoto wa kule wanamjua kwa jina hilo. Ule mjadala wa arudi au asirudi nauacha kwa wanasheria na wanadiplomasia. Mimi nasema tu kwamba siku akirudi, msimkatie tamaa. Mwiteni mgeni rasmi, pangeni meza kuu, andaeni bango lenye nembo zote. Ndiye pekee ambaye halitamfunika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipakodi
(alichanjwa darasa la nne)

Nakala: Oskar, Berlin – kwa taarifa.