Hakuna Anayeazima Kikaangio

Wanangu walioko Nairobi wananipenda, ndiyo maana kila Desemba wananiletea mashine. Mimi ningependwa kwa unga, au hata kwa sukari, lakini mapenzi ya mjini huja ndani ya katoni, pamoja na kijitabu cha maelezo chenye lugha za dunia nzima isipokuwa Kiswahili.

Ya mwaka jana ilikuwa kikaangio cha hewa moto. Nasikia kampuni ya Philips ya Uholanzi ilianza kuuza vitu hivi mwaka 2010, watu wale chipsi bila kuogelea kwenye mafuta. Sina ugomvi na Waholanzi. Ila wao hawajakutana na jogoo wa kwetu Shinyalu, ambaye maisha yake yote amekimbizana na watoto mchana na kulala juu ya mti usiku. Nilipomwingiza, miguu ikabaki nje. Na hata angeenea, mchuzi ungetoka wapi? Mgeni wa kwetu humpi kuku mkavu. Utamweka mbele ya mlima wa ugali achovye nini, hewa? Halafu kuna firigisi, imondo, ambayo ina mwenyewe katika kila boma la Waluhya. Mzee akiikosa kwenye sahani yake, kikao kinaitishwa. Humo ndani ya mashine ilipeperushwa mpaka nikaitafuta kwa tochi.

Chini ya kikaangio imeandikwa wati 1,500, na maandishi hayo yalisomwa na mtu asiyefaa kuyasoma. Sisi stima tuliipata baada ya mpango wa Last Mile kuanza mwaka 2015, ada ya kuunganishwa ilipoteremka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Tangu siku hiyo mzee wa nyumba hii amejipa kazi ya kulinda mita. Nikichomeka chochote kinachounguruma, anaenda kusimama pale na kusoma yuniti kwa sauti, kama mchungaji anayetangaza majina ya wasiotoa zaka.

Kwa hiyo kikaangio kinakaa sebuleni, kwenye kabati la vioo, kimefunikwa kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Blenda iko kando yake, nayo ina kitambaa chake. Wageni wanavisifu sana. Mmoja aliuliza kama kikaangio kinashika idhaa ya Kakamega.

Sufuria ya presha siisemi vibaya, niwe mkweli. Maharagwe yaliyokuwa yakila kuni nusu ya mchana sasa yanaiva kabla sijamaliza kuchambua kunde. Shida ni kwamba ikianza kupiga mluzi, mama mkwe anabeba kiti chake na kwenda kukaa chini ya mwembe, na harudi mpaka aone kwa macho yake kwamba kifuniko kimefunguliwa na hakuna aliyekufa.

Vyombo vinavyotulisha havina kitambaa. Jiko langu ni lile la udongo la Maendeleo, lililoenezwa miaka ya 1980 kupitia akina mama wa Maendeleo ya Wanawake. Linakula kuni chache kuliko mafiga, lakini sifa yake kubwa ni kwamba limejengewa kwa tope pale pale jikoni, kwa hiyo haliwezi kuazimwa. Nitalifikia hilo la kuazima.

Kwanza mkebe. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, mafuta yakiisha, ndipo unapoanza kazi. Ukienda nao sokoni Khayega ni gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe (na mtazame mwuzaji aliyekigonga kitako kikaingia ndani, huyo anakuibia huku anakuita mama). Ukizeeka, unatobolewa matundu kitakoni kwa msumari. Unatiwa majivu ya maganda makavu ya maharagwe, unamiminiwa maji taratibu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Huo ndio musherekha. Bila huo, mrenda hautelezi inavyotakiwa na kunde zinabaki kukutafuna wewe. Hakuna duka Nairobi linalouza mashine hiyo. Mkamwana wangu alipokuja likizo aliona mkebe wa kutu wenye matundu, akautupa kwenye shimo la takataka, na mjukuu akaja mbio kunipa habari njema: “Kukhu, tumekusaidia kufanya usafi!” Nilitafuta fimbo ndefu, si ya kumchapa mtu, nikaenda kuuopoa.

Sasa kuazima. Hakuna binadamu aliyewahi kupiga hodi kwangu akitaka kikaangio. Wanataka mwiko mkubwa wa ugali, wanataka kinu, wanataka chupa ya chai ile isiyovuja, na kukiwa na matanga wanataka sufuria kubwa, ile ya kupikia watu mia. Huwezi kukataa. Mtu amefiwa, wewe unalia sufuria? Chama chetu kilinunua vyombo vya pamoja ili tuache tabia hii, lakini siku ya matanga vya chama huwa viko kwenye matanga mengine.

Nimeandika herufi zangu kitakoni kwa rangi ya kucha, nyekundu, kila sufuria. Haisaidii. Moto wa matanga unawaka usiku kucha, na asubuhi kitako ni masizi matupu na herufi zimeenda na marehemu. Mwiko nao hauna pa kuandikwa. Nilio nao sasa una mpini mfupi na ufa, na wangu ninauona kila nikipita kwa jirani, umeegemea ukuta. Nikiuulizia, jirani ananiambia, “Mama, huu ni wa urithi.”

Mwezi uliopita sufuria yangu ilirudi kutoka matanga ya ng’ambo ya mto. Niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka herufi zikatokea. Si zangu. Pia ni kubwa kuliko yangu, ni nzito, na masikio yake yote mawili yapo. Sijauliza mtu. Mwenyewe akija, tutaitazama pamoja, na nitamwambia ni ya urithi.