Sifa za Taa Nyekundu ya Oili

Watu wamesifia mvua, mama zao, Gor Mahia na chapati za Jumapili. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone, inayowaka kwenye dashibodi ya gari kuukuu siku ambayo mwenye gari ameanza kuamini kwamba mwezi huu atabakiwa na pesa, haijawahi kupata hata shairi. Nami niliyeishi nayo ndani ya Corolla 110 ya mwaka 1998 nimeona nilipe deni hilo.

Kwanza ina adabu. Haimkatizi mtu mwenye haraka. Gari likiwa mbioni Ngong Road, pampu ya oili, ambayo huzungushwa na krenki yenyewe, inasukuma oili ya kutosha na taa inanyamaza. Ukikwama kwenye jamu ya Dagoretti Corner, injini imepata moto na inazunguka polepole, oili imekuwa nyepesi, presha inashuka. Ikifika mahali fulani kati ya baa 0.2 na 0.5, kutegemea gari, taa inaanza kukukonyeza. Imesubiri utulie ndipo iseme shida yake. Ni jamaa gani wa kwetu mwenye subira hiyo akija kuomba nauli?

Tena ni mcha Mungu: imewafanya kusali watu ambao msikiti na kanisa vilikuwa vimewakatia tamaa.

Lakini sifa yake kuu ni ajira. Kila uchaguzi tunaahidiwa kazi kwa vijana. Taa yangu haikuomba kura ya mtu, na kazi ilileta. Fundi wa Kawangware, pale karibu na steji ya 46, aliitazama sekunde chache akasema, "Hii ni swichi tu, mkubwa. Injini iko sawa." Kijana akapanda boda hadi Kirinyaga Road, ambako wengi bado huita Grogan, kufuata swichi. Hesabu nami: fundi kala, wa boda kala, muuza spea kala, na mama wa chai na mandazi aliyewahudumia wale watu wanaosimama kila boneti inapofunguliwa, naye kala. Taa ikazimika mpaka injini ilipopata moto. Fundi wa Gatina akatoa hukumu kwamba oili ni nyepesi mno. Akaimwaga, akatia nyingine nzito zaidi. Muuza oili kala. Mwingine akaishuku pampu. Mwingine akashusha sampu, akatuonyesha chujio la kuvutia oili lilivyozibwa na tope jeusi, na hapo wakala muuza gasketi, muuza silikoni na mvulana aliyeshika tochi ya simu. Aliyechukua oili chafu naye alikuwa na wateja wake wa kupaka mbao. Taa moja, wati zake hazifiki hata tano, imelisha mtaa. Kama kuna wizara inayotafuta mradi wa vijana, inilipe mimi nisitengeneze gari.

Na wote hao walipima kwa sikio. Huyu anainamisha kichwa, yule anafumba macho kama anayesikiliza taarabu, na kila sikio linatoka na ugonjwa wake. Hapa niruhusu niweke sifa kando kidogo. Geji ya presha ya oili si mtambo wa hospitali! Ni saa ndogo yenye mpira. Unafungua swichi, unafunga geji kwenye tundu lile lile, unawasha injini mpaka ipate moto, unasoma. Injini ya aina ile, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, inatakiwa isome kama baa mbili na nusu kwenda juu. Ni kazi ya nusu saa. Nimeuziwa kila kitu kinachouzunguka ugonjwa, isipokuwa kipimo.

Mwenye geji nilimpata Makina, Kibera, mzee wa maneno machache. Mshale haukufika baa moja. Kisha, injini ikiwa inanguruma, akawa anachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja. Ule mlio mzito wa kugonga kutoka chini, ambao si ile tiki-tiki nyepesi ya vali, ulipungua alipofika silinda ya tatu. "Biringi za konrodi zimelika," akasema. "Oili inapita kwenye uwazi, presha haisimami." Halafu akauliza nilipolinunua gari lilikuwa na oili gani. Oili nzito, Mzee. Aliyeniuzia aliijaza ya kuziba kelele, akaniwashia asubuhi na mapema, injini ya baridi, taa imelala. Mstaarabu kweli.

Kuna fundi mmoja nimemruka. Huyu aliniwekea mkono begani kwa huruma ya kweli akaniambia, "Mkubwa, kinachokunyima usingizi ni hii taa. Ngoja niitoe balbu." Wapo mafundi stadi kumshinda, ambao waya wa taa ya oili huuhamishia kwenye taa ya chaji, ili iwake ukifungua ufunguo na izimike injini ikishika, kama ya gari zima. Siwezi kumlaumu peke yake. Mji huu ndio uliomlea. Jengo bovu Nairobi hupigwa X nyekundu ukutani, nayo ni taa ya oili ya wapangaji. Ghorofa la Huruma lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa. Amri ilikuwa kwenye faili, wapangaji vyumbani, kodi mfukoni mwa mwenye nyumba. Mvua ndiyo iliyotekeleza amri. Na bado unaweza kupita mtaani ukakuta X imepakwa rangi ya krimu, juu yake pamebandikwa karatasi: Vyumba vipo. Mkaguzi anajua, chifu anajua, na mwenye jengo halali humo. Rangi ni rahisi kuliko nguzo, na kutoa balbu ni bure.

Basi ukienda kununua gari kuukuu, mwambie muuzaji akuendeshe nalo kwanza mpaka lipate moto, akatae au akubali. Kisha zima, fungua ufunguo bila kuwasha injini: taa ya oili lazima iwake. Chomoa waya kwenye swichi ya oili: lazima izimike. Ikiendelea kuwaka, waya wake umepelekwa kwingine. Rudisha pesa mfukoni, panda matatu uende nyumbani.