Jinsi ya Kuitia Land Rover ya Mzee Injini ya Kipanya

Kama umerithi Land Rover 109 hapa Bagamoyo, ushauri umeshaupata bila kuuomba. Jirani anasema iuze kwa wanaopima vyuma chakavu. Shemeji anasema irudishe ilivyotoka kiwandani, mpaka rangi. Kijana wa kijiweni anasema funga taa za buluu, honi ya basi na spika nne, mengine yatajileta. Usimsikilize hata mmoja wao. Gari hilo lilikuja pwani kufanya kazi: kuleta nanasi kutoka Kiwangwa, kubeba chumvi ya Nunge, kuvuka Wami na watu kumi na mbili juu ya magunia. Lipe injini mpya, breki mpya na waya mpya, lirudi kazini. Huo ndio mwongozo, na mengine yote hapa chini ni namna ya kuufuata bila kufilisika.

Mtu akikuambia kuitoa injini ya asili ni kuliua gari, mkumbushe lilikozaliwa. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani, akiitumia shambani kwake kisiwani Anglesey, huko Wales. Akaona wao pia wanaweza kutengeneza kama ile. Gari lao la kwanza la majaribio, lile lenye usukani katikati, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, likatiwa injini na gia boksi ya Rover. Kwa hiyo Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa gari la Kimarekani lililobadilishwa injini. Ile ya kuuzwa ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa na bodi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Wacuba nao, baada ya Marekani kuwawekea vikwazo mwanzoni mwa miaka ya 1960, wameziendesha Chevrolet zao za zamani mpaka leo kwa injini za dizeli zilizotoka kwenye magari mengine. Sisi hatukuachiwa Chevrolet hizo. Tuliachiwa 109, na tuna Gerezani kule Dar es Salaam, kwenye injini na spea.

Kabla hujapanda basi kwenda Gerezani, lala chini ya gari. Chukua nyundo ndogo, anzia nyuma kwenye mhimili unaofungwa ndoano ya kuvutia, uje mbele ukigonga kila shubiri. Chuma kizima kinalia wazi na nyundo inaruka. Chuma kilichokwisha kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga, na mara nyingine nyundo inazama. Bodi ya alumini itakudanganya, maana haina kutu nyekundu na inapendeza hata ikiwa na miaka hamsini. Chasisi ni ya chuma, ina uwazi ndani kama bomba, na upepo wa chumvi wa pwani hii unaila kuanzia ndani. Matope ya Makurunge yanaingia kwenye matundu ya kutolea maji, yanakauka humo, yanabaki yakinyonya unyevu mwaka mzima. Tazama pia pale unapoweka miguu, maana karatasi ya chuma ya hapo hutangulia kuoza.

Palipooza pakatwe mpaka ufikie chuma kizima, kisha pachomelewe kipande kipya cha unene uleule. Fundi akikuwekea kiraka juu ya kutu na kukipaka rangi nyeusi, mwambie akitoe mbele yako. Na kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, toa waya za betri na za alteneta, la sivyo utanunua alteneta nyingine jioni hiyo. Mwisho safisha matundu yote, pulizia grisi nyepesi au nta ndani ya chasisi. Oili chafu ambayo wengi tunaitumia inasaidia, ila usiiache ifike kwenye bushi za mpira wala kwenye dramu za breki.

Sasa breki. Najua unataka kusikia habari za injini, lakini nakusihi uvumilie. 109 ina dramu magurudumu yote manne, na nyingi za zamani zina masta silinda ya njia moja: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Gari la namna hiyo likienda mwendo wa kobe linasameheka. Ukilitia injini ya kulifikisha kilomita 90 kwa saa kwenye lami ya Mapinga, ambako bodaboda anatoka kichakani bila kuangalia, hujaboresha chochote. Umeongeza hatari tu. Funga masta silinda ya njia mbili, ile ya Land Rover za mwishomwisho za aina hiyo. Badilisha wili silinda zote kwa pamoja. Ondoa bomba za chuma zilizoliwa na chumvi, weka za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo chumvi haiziwezi. Halafu funga mikanda ya usalama ya kweli, iliyoshikwa kwenye chuma kizima. Hapo tu ndipo nitakubali tuzungumze injini.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: usifunge kitu ambacho spea yake haipatikani kabla jua halijazama. Kwa mwenye gari wa Bagamoyo hiyo ina maana ya kitu kilichomo kwenye magari yanayopita kila siku hapa stendi. Vijana wengi wanaililia 1HZ, ile dizeli ya Toyota ya silinda sita na lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser za wizara na za mashirika. Ni injini ya kuheshimika, nimeipanda na ninaipenda. Lakini ni nzito, itazilaza springi za mbele, na nguvu zake, karibu farasi 130, ni nyingi mno kwa gia boksi na eksel zilizoundwa kubeba injini ya petroli ya lita 2.25 yenye farasi sabini na kitu. Utaondoka Bagamoyo kwa kishindo na kuvunja eksel ya nyuma siku ya kwanza utakayokwama kwenye udongo mweusi wa njia ya Saadani. Anayetaka 1HZ ajiandae kununua na gia boksi yake ya Toyota, kuimarisha difu na kubadili springi, na ajue kwamba huo ni mradi wa bei nyingine.

Mimi nakushauri uchukue 3L. Ni dizeli ya silinda nne, lita 2.8, iliyotembeza Hiace, yaani vipanya, na Hilux nchi nzima. Nguvu zake ni karibu farasi 90, kiasi ambacho 109 inakibeba bila kulalamika. Fundi yeyote aliyewahi kushika kipanya anaijua hata gizani. Gasketi, nozeli, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, vyote utavipata kabla ya adhuhuri. Kiburi cha kusema una silinda sita hakitakusaidia ukiwa umekwama Msata usiku.

Pale Gerezani au Ilala utaikuta injini imewekwa juu ya tairi chakavu, muuzaji akikuapia kwamba imetoka Japani juzi. Mwombe aiwashe ikiwa ya baridi, siyo ikiwa imeshachemshwa kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: moshi mwembamba ni wa kawaida, ila ikikupumulia usoni kwa mapigo, pistoni zimechoka. Pima kompresheni ya silinda zote nne, na tofauti kubwa kati yao ikuondoe dukani. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku kwa macho yako. Mwisho angalia stata imeandikwa volti ngapi, maana baadhi ya injini za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24 na gari lako ni la 12. Usiondoke bila risiti yenye namba ya injini.

Kisha dai alteneta ije na vakyumu pampu yake mgongoni. Hapa nitasimama, kwa sababu hapa watu wanaumia. Injini ya petroli inavuta hewa kwa nguvu, na breki zenye sava zinatumia mvuto huo ili kanyagio liwe jepesi. Dizeli haina mvuto huo. Toyota ililimaliza tatizo kwa kuweka pampu ndogo nyuma ya alteneta. Fundi mwenye haraka anafunga alteneta yoyote aliyonayo, gari linawaka, kila mtu anapiga makofi, mwenye gari anatoka nalo. Anakanyaga breki mara mbili, ya tatu inakuwa ngumu kama ukuta. Bomba la vakyumu lifungwe kutoka kwenye pampu hiyo hadi kwenye sava, na valvu ya kuzuia hewa kurudi iwepo katikati. Simama hapo gereji mpaka ulione limefungwa.

Kuunganisha injini ya Toyota na gia boksi ya Land Rover kunahitaji pleti ya kati iliyochongwa kwenye mashine kwa kipimo, siyo kukatwa kwa gesi. Shafti ya gia boksi lazima iingie katikati kabisa ya flaiwili. Ikipotoka hata kwa unene wa ukucha, italia, itakula beringi, mwisho itaivua klachi. Mafundi wazuri wa kuchonga wapo Gerezani, na hapo ndipo usipunguze bei. Tangi nalo lioshwe, lipelekewe bomba la pili, maana dizeli inayobaki kwenye pampu na nozeli inarudi tangini, na petroli haikuwa na safari hiyo ya kurudi.

Waya za zamani zing'oe zote. Land Rover nyingi zilizotoka kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifunga chanya ya betri kwenye bodi, na ukiziachia alteneta ya Toyota hivyohivyo utaichoma ndani ya sekunde. Geuza betri, weka fyuzi kwa kila kitu, pitisha waya mbali na sailensa. Taa za kisasa za mbele nazikubali kwa moyo mmoja, kwani taa za awali zilimulika boneti na kidogo cha barabara. Zipangwe tu zitazame chini, anayekuja upande wa pili naye anataka kufika kwake Kerege.

Halafu utafika wakati wa rejeta, na fundi atakwambia kwa upole, "Bosi, thamostati ya nini joto lote hili la pwani? Tuitupe." Mjibu kwa upole uleule, "Fundi wangu, naomba irudi mahali pake." Kwenye injini nyingi za Toyota kifaa hicho, kikishafunguka, kinaziba njia ya mkato ya maji. Ukikitoa, sehemu ya maji itazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima wa Lugoba, ukiwa umepakia kokoto, utachemsha. 3L inasamehe mengi ila haisamehe kuchemka: silinda hedi inapasuka, na hedi ni nusu ya bei ya injini. Weka thamostati mpya na rejeta kubwa yenye koki ya kumwagia maji. Usisahau kofia ya feni, lile boksi linaloizunguka, ambalo wengi wanalitupa kwa sababu linasumbua mikono.

Bodi iache. Mabonde ya mlangoni ni ya gari lako, usiyajaze puti. Alumini inaliwa haraka inapogusana na chuma huku kuna chumvi, utaiona ikigeuka unga mweupe kuzunguka boliti. Kila boliti inayopita kwenye bodi iwekewe washa ya mpira, na kila ukitoka ufukweni lioshe gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa chini. Difu za 4.7 nazo ziache. Zile za 3.54 za Range Rover za zamani zitakupa mwendo wa lami, lakini zitakunyang'anya nguvu ya kutoka kwenye tope, na sidhani kama uliirithi 109 ili ushindane na mabasi.

Lipo pia la karatasi, nalo ni fupi. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili injini na kadi isibadilike, siku trafiki akifungua boneti utaeleza mpaka magharibi. Beba risiti, nenda TRA ubadilishiwe taarifa, na mwambie mtu wa bima kwamba gari sasa ni la dizeli.

Majaribio yafanyike na mzigo. Pakia magunia, toka asubuhi kuelekea Makurunge, vuka daraja la Ruvu, achia lami uingie kwenye vumbi, na kila baada ya muda simama ushike kwa mkono: dramu ya gurudumu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki hiyo inashika, chini ya gia boksi pakiwa na tone jipya, sili haikukaa. Ukirudi, kabla hujawaita shemeji na jirani waje kuliona, kaza upya boliti za mauntingi, za propela na za pleti ya kati. Zitakuwa zimelegea zote.